Alichokiona Khalfan

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu Cuthbert alifungua stoo ya shule yake huko Makote, tayari kwa masomo ya likizo, akakuta rafu tupu. Zile kompyuta ndogo za bei nafuu, walizoletewa watoto ambao kwao hata redio ni anasa, zilikuwa zimeibwa. Paneli ya sola ya kuzichajia nayo haikuwepo. Kufuli lilikuwa zima.

Jioni yake Khalfan, mlinzi wa shule, alikuwa mahabusu Newala. Ufunguo anao, zamu ilikuwa yake, na kila Sajenti Felix alipomuuliza alichokiona alijibu lilelile: "Niulize lingine." Felix, mgeni wa huku, alikwisha kumhukumu moyoni. Jumatano mzee wa watu angepandishwa kizimbani.

Koplo Zuhra alipewa jalada alikamilishe tu, lakini ana ubishi wa kuzaliwa nao. Alianza na Fikirini, fundi simu wa sokoni, ambaye kila kitu kikiibwa yeye hutajwa kwanza. Fikirini alikuwa msibani Nanganga tangu Ijumaa, na waombolezaji walithibitisha. Zuhra akaenda kuikagua stoo. Kompyuta kubwa ya Cuthbert, mpya kabisa, ilikuwa bado mezani. Mwizi gani wa kuuza huacha hiyo akabeba vidude vya watoto?

Alirudi mahabusu, akaketi sakafuni karibu na mlinzi.

"Shikamoo, Baba Rahima. Ulichokiona ni mambo ya wanawake?"

Khalfan aligeukia ukutani. Felix angesema huo ni ujeuri. Zuhra amezaliwa huku, anajua mwanamume aliyefundwa jandoni hatamki ya unyagoni hata akikatwa. Akamuuliza Cuthbert nani mwingine ana ufunguo. Alikuwa Bibi Somoe, mpishi wa uji, anayehifadhi unga mlemle stoo. Likizo hii Bibi Somoe alikuwa kungwi, ameweka wasichana ndani ya nyumba yake kwa unyago.

Polisi walikuwa wamepekua kila nyumba ya Makote isipokuwa hiyo, maana mwanamume haingii. Nyuma ya uzio wake Zuhra aliiona paneli, imetazamishwa jua. Mlangoni aliulizwa maswali ambayo mwanamke aliyepitia humo ndiye huyajua. Akayajibu, akaingia.

Alisahau kilichomleta. Wasichana walikaa mikekani, kimya, nyuso zinang'aa kwa mwanga wa vioo vya kompyuta. Kwenye kompyuta ya Rahima, binti wa Khalfan, kuku aliyechorwa kwa mkono wake alitembea, akadonoa, akageuka. Zuhra, anayeijua kompyuta kwa kuchapa ripoti tu, alipiga magoti kuitazama.

"Nani kawafundisha?"

"Hakuna," Rahima alinong'ona. "Tulibonyeza, tukaona."

Bibi Somoe hakuzunguka. "Nilichukua mimi, mwanangu. Wenzao wa kiume hufundishwa likizo nzima. Hawa wakitoka humu wanakuta viti vimeshikwa. Mjukuu wangu alisimama nyuma yao mwaka mzima, mwisho akaacha shule. Nilimwomba Mwalimu, akasema mashine hazitoki shuleni."

"Baba Rahima yuko ndani kwa ajili yako."

Bibi alikaa chini. Tangu Ijumaa hakuwa ametoka, habari za nje hazikumfikia. "Aliniona," alisema. "Nilidhani atanitaja." Akamwita kungwi mwenzake ashike nafasi, akajifunga khanga, wakaondoka.

Kituoni Bibi alisimama mbele ya Felix na Cuthbert, akasema ni yeye, mashine ziko kwake salama, na kwa nini. Felix alishika kalamu. Cuthbert alikiri kwamba aliombwa na akakataa, na aibu ilionekana wazi usoni mwake. Akasema hana malalamiko tena, na mashine zibaki ziliko mpaka wasichana watoke.

Khalfan alitolewa jua likipungua. Alimpita Felix, akasimama mbele ya Zuhra. Alikuwa na swali, na hakuwa na ruhusa ya kuliuliza. Zuhra naye alitamani mno kumsimulia habari za yule kuku, na hakuwa na ruhusa.

"Rahima hajambo, Baba Rahima," alisema. "Hajambo sana."

Khalfan akaanza kulia huku anacheka.