Marehemu Anayeshona Viatu

Kama kawaida, mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani akaanza kugawa madaftari ya insha. Alipofika kwa Bingwa, alimwekea mkono begani.

"Pole sana, mwanangu. Jioni nitapita kwenu nimpe mama pole."

Bingwa, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuongoza kila mtihani wa Kiswahili, alilifunga daftari haraka. Katika insha yake alikuwa ameandika: "Baba alizimika kama mshumaa upeponi. Nyumba yetu ikainama, ikalia." Tashbihi na tashihisi hizo alizinakili kutoka daftari la dada yake, lililojaa maneno matamu ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Baba mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Alikuwa fundi viatu, na kazi yake aliifanyia mlangoni, hata mgeni hakuweza kuingia ndani bila kuiruka miguu yake.

Bingwa alifika nyumbani akihema.

"Baba, kwa nini usiende kumsalimia shangazi leo?"

"Na viatu vya watu nimwachie nani?"

"Basi shonea uani."

"Uani kuna giza. Kwani una nini leo, mama?"

Bingwa alikosa pa kutokea. Angejidai mgonjwa, mwalimu angeingia ndani kumjulia hali. Angejificha, mwalimu angemkuta baba na sindano yake.

Mara hodi ikapigwa. Mwalimu alikuwa amebeba unga na sukari, mchango wa walimu wote.

"Poleni na msiba," alimwambia baba kwa upole. "Wewe ni ndugu wa marehemu?"

"Marehemu yupi tena?"

Wote wawili wakamgeukia Bingwa.

"Huyu ndiye baba, Mwalimu," alisema huku machozi yakimtoka. "Nilinakili. Nilitaka maksi."

Baba aliweka sindano chini. "Hebu nisomee."

Bingwa alisoma hadi mwisho. Baba hakucheka. "Umenizika vizuri, mwanangu. Lakini mimi niliye hai, hukuniona hata kidogo?"

Maneno hayo yalimuuma Bingwa kuliko fimbo. Mwalimu akafuta maksi zote, akampa kalamu. "Mtazame baba yako, uandike unachokiona."

Bingwa alitazama kwa muda mrefu. Hatimaye akaandika: "Vidole vya baba ni vigumu kama soli anazoshona."

Baba alivigeuza vidole vyake, akavitazama yeye mwenyewe.

"Hiyo ni tashbihi, tena ni yako," alisema mwalimu. "Tamathali za semi hupamba jambo tunalolijua, ili msomaji naye alione. Ukipambia uongo, unawaumiza watu bure. Mwalimu wa hesabu alimzika baba yake mwezi uliopita. Nilipomwonyesha insha yako alitoka nje akilia, na yeye ndiye wa kwanza kutoa mchango. Kesho asubuhi, kabla hujaliomba darasa radhi, utaanza kwake."