Thamani ya Pijo Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rehana alichukua ndoo na kitambaa akaifuta umande Pijo nyekundu, gari la baba yake. Makambako kuna upepo wa baridi, na maji yalifanya vidole vyake vife ganzi, lakini baba hakutaka gari lake lionekane na vumbi.

Baba yake, Abdulaziz, alikuwa dereva wa shirika la umma mpaka lilipofungwa. Magari ya shirika yalipopigwa mnada, alinunua Pijo 504 hiyo ikiwa ya kawaida kabisa, kisha akaanza kuipamba. Aliing'oa injini yake, akaweka ya Toyota. Alikata springi ili gari likae chini, akafunga tairi pana, taa nne mbele na usukani mdogo wa ngozi. Ilipopita stendi, vijana walipiga miluzi, naye Abdulaziz akatabasamu kama bwana harusi.

Mwaka 1995 aliamua kuiuza ili anunue mashine ya kusaga nafaka. "Milioni mbili," alisema. "Sipunguzi hata senti." Wanunuzi watatu walikuja, wakaisifu, wakaondoka, wasirudi tena.

Jumamosi moja Rehana alilala chini ya gari kukwangua matope. Juu ya springi ya nyuma alikuta bodi imepasuka, ufa wenye urefu wa kiganja. Tangu springi zikatwe, kila shimo la barabarani lilikuwa likigonga pale pale. Mnunuzi wa nne angefika mchana huo. Rehana alichukua puti iliyobaki kwenye kopo, akaziba ufa, akapaka rangi nyeusi. Hakumwambia mtu. Alijiona amemsaidia baba yake.

Mnunuzi alikuwa Mama Zipora wa Ilembula, mfanyabiashara wa viazi. Alikuja na binti yake, Ema, wa rika la Rehana.

"Kamwene!" alisalimu.

"Kamwene, mama. Karibu," alijibu Abdulaziz.

Mama Zipora alilizunguka gari bila kusifu chochote. Alifungua boneti, akaitazama kadi ya gari. "Injini iliyoandikwa hapa siyo hii ninayoiona."

"Hiyo ni ya Toyota, mama. Ina nguvu zaidi."

"Polisi wa barabarani atakayeuliza ataniuliza mimi. Na nikipakia magunia ya viazi kule Makete, tumbo la gari si litaburuza chini?" Akafunga boneti. "Basi twende tukalijaribu kwenye barabara ya mawe. Ema, kaa nyuma."

Ema aliingia, akaketi juu ya ule ufa. Abdulaziz akashika usukani, injini ikanguruma. Rehana aliona uso wa mwenzake dirishani. Akakimbia mbele ya gari.

"Baba, zima! Bodi imepasuka pale nyuma. Nimeziba kwa puti."

Abdulaziz alizima gari. Alilala chini na shati lake safi, akachokoa kwa bisibisi; puti ikadondoka kipande kizima. Aliinuka taratibu, macho yake yakiwa chini. "Wallahi, mama, sikujua."

"Nakuamini, baba," alisema Mama Zipora. "Aliyejua amesema kabla hatujaondoka." Akafikiri kidogo. "Lichomelewe vizuri, lirudishiwe springi nzima, na kadi irekebishwe. Nitatoa laki tisa."

"Laki tisa! Mapambo peke yake yamenila zaidi ya milioni!"

"Uliyanunua kwa furaha yako, na furaha hiyo umeshaipata. Mimi nanunua gari la kubeba viazi. Anayetaka mapambo huenda yupo, lakini wamekuja watatu, na gari bado liko hapa."

Abdulaziz alipitisha kiganja juu ya boneti ya Pijo yake. Kisha akampa mkono Mama Zipora.

Fundi Efraimu wa Njombe alichomelea bodi, akafunga springi nzima. Kadi ilipokamilika, Mama Zipora alikuja kuchukua gari. Abdulaziz alimweleza kila kilichobadilishwa, hata yale ambayo hakuulizwa. Kwa laki tisa alipata mashine ya kusaga iliyokwisha kutumika. Haikuwa mpya, lakini ilisaga.

Jioni moja, mbele ya mashine hiyo, Rehana alimwomba baba yake msamaha.

"Ulitaka kunisaidia, najua," alisema Abdulaziz. "Lakini yule mtoto angeumia, sisi tungefanya nini? Mali huuzwa pamoja na kasoro zake, na mwenye mali ndiye anayepaswa kuzitaja. Hata mimi nilijidanganya. Nilihesabu nilichotumia, nikakiita thamani." Akapangusa unga mikononi. "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila hawakusema uuzibe kwa puti, mwanangu."