Barafu Ndani ya Bata Mzinga

Walikutana kwenye friza. Mahali pa ajabu, ndiyo, lakini mapenzi hayachagui duka. Watu wa sikukuu walikuwa wamejaa pomoni, matoroli yakigongana, na mshonaji mmoja mwenye gauni la njano ameinama mpaka kiunoni ndani ya friza, anavuta bata mzinga aliyeganda. Ndipo sauti ya kiume ikatoka nyuma ya mashine.

"Dada, ukimvuta hivyo mtaingia wote wawili."

"Wewe tengeneza friza yako, kaka."

"Nimeshaitengeneza," alisema fundi wa mafriji, bisibisi nyuma ya sikio. "Huyo ana barafu mpaka moyoni. Mlaze siku tatu kwenye friji ya kawaida. Ukimpika hivyo, nje ataungua, ndani abaki mbichi."

Mwaka ukapita. Fundi akawa anamwita Sindano, naye akawa anamwita Baridi wangu. Fundi akamletea hata friji, aliyoifufua kwa mikono yake mwenyewe. Halafu sikukuu ikarudi, na mshonaji, kwa kiherehere chake, akajitolea kumchoma bata mzinga wa chakula cha nyumbani kwa kina Baridi.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Mama yake Baridi alikuwa ametoka hospitali wiki tatu tu zilizopita, amekonda, hana nguvu ya kupambana na ugonjwa wowote. Dada yake Baridi, wifi mwenye macho makali, alimpigia simu mshonaji.

"Wifi, nisikilize vizuri. Daktari amesema nyama isiyoiva, hata kipande kimoja, inamrudisha Mama wodini. Na safari hii hatujui kama atatoka."

"Nimesikia, wifi."

"Nataka uwe umeelewa."

Alielewa mno. Alimlaza bata mzinga kwenye friji siku tatu kamili, kama alivyofundishwa. Asubuhi ya sikukuu akamtoa, akambonyeza kifuani. Mgumu kama jiwe.

Akamtia kwenye beseni la maji baridi, akabadilisha maji mara saba, vidole vikafa ganzi. Simu ikaita: Baridi. Angemwambia nini? Kwamba ameharibu? Akaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena, na tena. Kisha ukaja ujumbe: "Kama umebadili mawazo kuhusu familia yangu, sema tu."

Machozi yakamtoka, lakini mikono ilikuwa kwenye siagi. Akampaka bata, akamsukuma ndani ya oveni. Baada ya saa nne ngozi ilikuwa ya dhahabu, inametameta, nyumba nzima inanukia. Akachukua sindano yake ndefu ya kushonea makochi, akaichemsha, akamdunga kifuani. Maji meupe yakatoka, dalili ya kuiva. Akapumua. Akaichomeka sindano kwenye ukosi wa blauzi yake ya bluu, akaita teksi, akaondoka na sinia mapajani.

Baridi alimfungulia mlango bila tabasamu.

"Kumbe umekuja."

"Nitakueleza baadaye, mpenzi."

"Sawa. Baadaye."

Mezani kila mtu akasifu ile rangi. Hata wifi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akakata, na kipande cha kwanza, paja nono, kikaenda kwenye sahani ya Mama. Mshonaji akakitazama. Alidunga kifua. Paja, pale kwenye maungio, hakuligusa. Labda limeiva. Akisema, amejiumbua mbele ya ukoo mzima. Akinyamaza, labda hakitatokea kitu. Mama akainua uma.

"Mama, usile."

Mshonaji alikuwa ameshaisogeza sahani.

"Una nini wewe?" wifi akauliza.

Mshonaji akachomoa sindano, akadunga lile paja karibu na mfupa. Yakatoka maji ya pinki.

"Aliganda mpaka asubuhi," alisema. "Nilijua. Niliona aibu kusema, nikampika hivyohivyo. Nisameheni."

"Ulijua?" Sauti ya wifi ilipanda. "Nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ndiyo maana hukupokea," Baridi akasema polepole. "Mimi nikadhani umenichoka."

"Nilikuwa naogopa. Siku tatu amelala kwenye friji, sielewi kwa nini hakuyeyuka."

Baridi akajikuna nyuma ya sikio, pale anapoweka bisibisi.

"Juzi nilipopita kwako," alisema, "niligeuza swichi ya friji mpaka mwisho wa baridi. Niliogopa nyama isije ikaharibika ikamdhuru Mama. Sikukwambia."

Mama ndiye aliyecheka, kicheko chembamba cha mgonjwa.

"Mtaniua kwa hofu zenu, si kwa nyama," alisema. "Mwaka mzima watu wananionea huruma. Huyu binti peke yake ndiye aliyeninyang'anya chakula. Kirudisheni jikoni. Nitasubiri."

Bata akakatwa vipandevipande, akarudi kwenye oveni. Mshonaji akasimama jikoni peke yake, hathubutu kuondoa macho kwenye kioo cha oveni. Simu ikaita. Baridi, kutoka sebuleni.

"Safari hii nimepokea," alisema mshonaji.

"Sindano wangu, nataka kukuuliza kitu, na naogopa kukutazama usoni."

"Uliza."

"Nikuoe?"

Mshonaji akachungulia oveni.

"Subiri Mama ale kwanza," alinong'ona. "Sasa hivi sina nafasi ya hofu mbili."

Akadunga kila kipande, paja mara tano. Maji meupe tupu. Akala yeye kwanza, kisha akaiweka sahani mbele ya Mama na kuketi, mikono ameifumbata chini ya meza. Mama akatafuna taratibu. Akameza.

"Imeiva," alisema Mama. "Niongezeeni."

Mshonaji akachukua simu yake, akampigia mwanamume aliyeketi ubavuni mwake. Akangoja mpaka aipokee.

"Ndiyo," akamwambia.