Mama Aliita Mara Moja

Mwezi wa saba hapa Magamba si mwezi wa mchezo. Ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa. Unaweza kufunga mbuzi wako mlangoni, ukageuka kuchukua kamba nyingine, usimwone tena. Kwa hiyo watu huitana. Shamba zima ni sauti, wenyewe huwaoni.

Tuna desturi yetu ya ukungu. Anayeita, huita mara mbili au tatu. Ukisikia jina lako mara moja tu, na anayeita humwoni, usiitike. Nyamaza, usubiri. Wazee walituambia kwamba aliye hai ataita tena. Mfu huita mara moja, na ukimwitika umekubali kumfuata. Utamfuata kabla ya siku arobaini.

Mimi ni Secilia. Nilifundisha kisomo cha watu wazima miaka kumi na tisa. Ni Mlutheri, nimesoma, na bado nikiitwa mara moja kwenye ukungu siitiki. Nasema ukweli ili usije ukadhani nawacheka wengine.

Jirani yangu ni Hidaya. Alikuwa mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote. Mume wake ni Abubakari, mkulima wa viazi. Binti yao Salama alikuwa amemaliza kidato cha nne. Mwaka huo, 2004, viazi vyao viliungua majani na kuoza. Salama akasikia kwamba Lushoto mjini limefunguliwa duka la intaneti, na kwamba humo unaweza kuuliza dawa ya ugonjwa wowote wa mazao.

"Unamuuliza nani?" mama yake alimwuliza.

"Kompyuta, mama."

"Kompyuta imelima wapi?"

Hata hivyo Alhamisi, siku ya soko, Hidaya aliuza karoti zake kisha akamsindikiza binti yake. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta tatu. Mhudumu alikuwa Jenoveva, dada mmoja Mbondei kutoka Muheza, mchangamfu, mwenye kuvaa masweta mawili kwa sababu ya baridi yetu.

Jenoveva aliwasaidia wakapata habari za ugonjwa wa viazi. Salama akaandika dawa kwenye daftari. Hidaya alikaa kwenye benchi nyuma yao, tenga tupu miguuni, akipiga miayo.

"Mama, wewe ulizaliwa kijiji gani?" Jenoveva akamwuliza kwa kumchangamsha. "Tukitafute kama kimo humu."

"Mlola. Na hakimo. Nani atakiweka humo?"

Kilikuwemo. Salama aliandika Mlola, akabonyeza, wakasubiri. Ukurasa ukafunguka. Kulikuwa na maneno ya Kizungu, na chini yake alama ndogo ya spika. Jenoveva akaibonyeza.

Kwanza ulisikika mvumo. Kisha fimbo zikawa zinapiga kitu, pu, pu, pu, kwa pamoja, wanawake wakipura maharage. Kisha sauti moja ikaimba kwa Kishambaa.

Hidaya aliacha kupiga miayo. Ile ilikuwa sauti ya mama yake. Si ya kufanana. Ilikuwa yake, na ule mkwaruzo wake mwishoni mwa kila mstari. Mama yake alikuwa amekufa miaka kumi na tatu nyuma. Hidaya mwenyewe alimwosha.

Wimbo ukasimama. Fimbo zikanyamaza. Kisha ile sauti ikasema wazi, kama iko kwenye benchi:

"Hidaya!"

Na Hidaya, kabla hajafikiri, akaitika. "Labeka, mama."

Hapo hapo umeme ukakatika. Kompyuta zote tatu zikafa. Chumba kikawa kimya, kijivu, na ukungu ulikuwa umefika hadi dirishani.

Hidaya alisimama akatoka. Tenga lake alilisahau. Alipanda mlima hadi Magamba kwa miguu, na Salama nyuma yake akilia.

Jioni ile nilikwenda kwao. Nilimkuta amekaa jikoni, moto umezimika.

"Mwalimu," akaniambia, "mama ameniita mara moja. Nimeitika."

Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Badala yake nilianza kuhesabu siku arobaini, nasema kama ilivyokuwa.

Tangu siku ile Hidaya alianza kuondoka kidogo kidogo. Kwanza aliacha kuitika. Mume akimwita, kimya. Salama akimwita mara tano, kimya. Alisema hawezi tena kujua ni nani anayeita. Wateja sokoni walimwita jina, naye aliwatazama kama watu walio ng'ambo ya mto. Kisha akaacha kwenda sokoni. Kanga zake nzuri alizigawa. Moja alinipa mimi, nikaipokea, na mpaka leo naona aibu kwamba niliipokea. Mwishowe aliacha kula. Alikunywa chai ya rangi, basi.

"Ya nini kula?" alisema. "Mwenye safari habebi shehena."

Siku moja asubuhi nilikuwa napalilia karoti. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasikia wimbo ule ule wa kupura maharage unatoka upande wa kwao, kwa sauti nyembamba. Niliganda na jembe mkononi. Sikuuliza ni nani. Baadaye nilijua alikuwa Hidaya mwenyewe, akijifunza upya wimbo wa mama yake. Sikupata nafuu kwa kujua hivyo.

Ilipofika siku ya thelathini na moja, Abubakari alikuja kwangu amevaa kofia yake ya Ijumaa.

"Mwalimu, twende wote mjini. Nataka mama mkwe wangu atolewe kwenye ile mashine."

"Atolewe vipi?"

"Sijui. Walivyomwingiza, ndivyo wamtoe."

Tulishuka. Tulipofika, Abubakari alisimama nje ya mlango, akavua kofia, akatazama chini. Jenoveva alimwamkia.

"Shikamoo, baba. Karibu ndani."

"Marahaba. Siingii. Mimi na mama mkwe hatukai chumba kimoja, sembuse yeye akiwa ameketi huko ndani."

Jenoveva alitaka kucheka. Aliponiangalia akaacha. Nilimweleza habari yote. Uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu, mimi nilidhani alishikwa na presha," alisema. "Kumbe siku zote hizi mama wa watu anakufa, na mimi niko hapa nakunywa chai."

Alitoa benchi nje, tukakaa mlangoni ili Abubakari asikie bila kuingia.

"Baba, nyumbani una redio?"

"Ninayo."

"Umewahi kusikia wimbo wa mtu aliyekwisha kufa ukipigwa redioni?"

"Mara nyingi."

"Ulikimbia?"

"Sikukimbia," alisema Abubakari. "Lakini marehemu wa redioni hawajawahi kumwita mke wangu kwa jina."

Alikuwa na haki. Jenoveva alisogea karibu naye kwenye benchi.

"Sawa. Basi ngoja nieleze polepole," alisema. "Sauti haijiingizi yenyewe kwenye kompyuta. Lazima kwanza mtu aliye hai anaswe na kinasa sauti. Nimeusoma ukurasa ule. Unasema wimbo ulinaswa Mlola mwaka 1971. Kaseti ilikaa katika chuo kimoja huko Ulaya miaka yote hiyo. Sasa vyuo vinatoa kaseti zao kabatini na kuziweka kwenye intaneti. Intaneti ni kompyuta nyingi duniani zilizounganishwa kwa nyaya na simu. Kilichowekwa kwenye moja, mtu wa Lushoto anaweza kukisikia. Mama mkwe wako hayumo humu, baba. Humu mna siku moja ya maisha yake."

"Na yule aliyeitwa?" niliuliza.

"Mwaka 1971 Hidaya alikuwa na umri gani?"

Abubakari alihesabu kwa vidole. "Miaka minane."

"Basi aliitwa mtoto wa miaka minane."

"Lakini aliita mara moja," Abubakari alisema. Hilo hakuliachia. Wala mimi sikuliachia. Desturi ni desturi.

Jenoveva akatutazama. "Mmejuaje kwamba aliita mara moja? Umeme ulikatika. Na laini yetu ya simu ni nyembamba. Sauti inakuja kidogo kidogo, kama maji ya bomba wakati wa kiangazi. Siku ile tulisikia kipande tu. Ukurasa unasema rekodi ina dakika kumi na moja. Sisi hatukufika hata tatu."

Nilimwona Abubakari anaivaa tena kofia yake.

Jenoveva alitufundisha jambo ambalo leo nalifundisha na mimi. Kama laini ni mbovu, usisikilize huku sauti inakuja. Ipakue kwanza yote, uihifadhi ndani ya kompyuta, kisha uifungue ikiwa kamili. Na usiamini kipande. Kipande cha habari kinaweza kumtisha mtu mzima kuliko uongo mtupu. Uliza nani amekiweka, lini, kimetoka wapi, na kilichobaki kiko wapi.

Ilichukua saa tatu rekodi ile kuingia yote. Jenoveva hakutaka tuisikilize pale. "Wa kwanza kuisikia awe mwenyewe," alisema. Aliunganisha waya, akaihamishia kwenye kaseti ya kawaida, ile ya redio.

Saa kumi tulikuwa Magamba. Hidaya alikuwa amelala kitandani, uso ukutani. Alikuwa amekonda hata mifupa ya mabega ilionekana juu ya blanketi. Salama alitia betri kwenye redio.

"Mama, tumekuletea ile sauti," alisema.

"Msinifungulie."

"Mama, haikuisha siku ile."

Abubakari alisimama mlangoni, mgongo kwetu, kwa heshima ya mkwe. Salama akabonyeza.

Mvumo. Fimbo, pu, pu, pu. Wimbo ukaanza, chumba kikabadilika. Mimi niliyejua kila kitu nilishika ukingo wa kitanda. Ni jambo la kutisha, kumsikia mtu akivuta pumzi wakati unajua kaburi lake liko wapi. Wimbo ukasimama.

"Hidaya!"

Hidaya alijifunika uso. Kaseti ilizunguka. Kimya kile kilikuwa kirefu. Niliwaza kwamba tumefanya kosa, kwamba tumemwua kwa mikono yetu.

"Wee Hidaya!" Sauti sasa ilikuwa ya ukali. "Naita mpaka lini? Umeziba masikio?"

Na kwa mbali, kutoka upande mwingine wa uwanja wa mwaka 1971, mtoto akaitika.

"Njoo ule," mama akasema. "Bada la muhogo linapoa. Unashinda na njaa kwa ajili ya kumkodolea macho mgeni?"

Wanawake walicheka kwenye kaseti. Mmoja alisema kitu kuhusu viatu vya mgeni. Fimbo zikaanza tena.

Hidaya alikuwa ameketi. Sikuona alivyoinuka.

"Mzungu mwanamke," alisema. "Alivaa viatu vya kiume. Alikuwa na sanduku lenye magurudumu mawili yanayozunguka. Nilidhani ni mashine ya kusaga." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Aliniita mara mbili."

"Mara mbili," Abubakari alisema kutoka mlangoni.

"Alikuwa hai. Ananiita nikale." Akamgeukia binti yake. "Salama, kuna chochote huko jikoni?"

Kulikuwa na viporo vya makande tu. Alivila vya baridi, sahani nzima, wakati wanawake wa Mlola wakiendelea kupura maharage yao redioni. Mimi nilikwenda nyumbani, nikaichukua ile kanga, nikamrudishia.

Wiki iliyofuata Hidaya alishuka mwenyewe hadi kwa Jenoveva. Alitaka asomewe ukurasa wote. Jenoveva akamsomea, akimtafsiria. Palipopaswa kuwa na jina la mwimbaji, palikuwa na maneno mawili tu: mwanamke, Mlola.

"Hana jina?" Hidaya aliuliza.

"Hawakuliandika."

"Watu wa dunia nzima wanamsikiliza mama yangu na hawajui ni nani?"

"Tunaweza kuwaandikia," Jenoveva alisema. "Kwenye ukurasa kuna anwani ya barua pepe. Sauti ni ya mama yenu. Mnaweza kuwaomba wairekebishe, au waiondoe kabisa kama familia haitaki."

Jambo hilo lilizungumzwa nyumbani siku mbili. Abubakari alitaka iondolewe, marehemu apumzike. Hidaya alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ibaki," alisema. "Lakini isibaki bila mwenyewe."

Salama alichapa barua kwa kidole kimoja. Hidaya alisema maneno, Jenoveva akayaweka katika Kizungu. Siku ya tisa jibu lilikuja. Chuo kiliomba radhi, kikatuma nakala ya rekodi kwenye santuri ndogo ya kompyuta, yaani CD, na kuuliza kama kuna wazee wengine Mlola wanaoweza kutambua sauti zilizobaki. Zilikuwa arobaini na sita, zote bila majina. Mpaka sasa Hidaya na Salama wamekwisha kutambua kumi na nane. Wanakwenda nyumba kwa nyumba na kaseti, na kabla ya kubonyeza huwaambia watu kwanza ni nani watakayemsikia, wakae chini.

Hidaya aliporudi kuuona ukurasa wa mama yake, hakuomba asomewe; chuo kilikuwa kimeongeza mstari mpya kwa Kiswahili. Nilimfundisha herufi mimi. Alisogeza kiti karibu na kioo, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti, neno moja moja, watu wa duka zima wakisikia:

"Mwimbaji ni Mwanahawa Shemweta, wa Mlola. Anayeitika ni Hidaya, binti yake."