Mwasumini wa Mwanamize

Visa vya namna hii, kama nilivyozoea kuvisikia, humpata jirani wa binamu wa msimuliaji, naye daima huwa amekwisha kuhama na hana simu. Hiki kimenipata mimi, nyumbani kwangu Wawi, mchana kweupe. Nakiandika kama nilivyokuwa nikiandika ripoti za shamba.

Mke wangu, Mwanamize, alikuwa na mwasumini uani, karibu na jiko. Alipofariki niliumwagilia maji asubuhi na jioni, bila kukosa. Mizizi ikaoza. Nina shahada ya kilimo na nimewafundisha mabwana shamba miaka kumi na tisa, nikauua mti kwa kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Ukabaki mmoja: tawi ambalo shangazi yake, Bi Tatu, alilichomeka kaburini siku ya maziko, likashika. Ng'ombe walikwisha kuula nusu. Nikiukosa na huo, sina tena kitu cha Mwanamize kilicho hai.

Bi Tatu alinikuta nikinoa kisu cha kukatia vipandikizi.

"Ushalifunga tawi?"

"Sina haja."

Hiyo ndiyo ilikuwa kawaida ya wanawake wa kwao. Tawi linalotakiwa hufungwa leo, mti ukaombwa ruhusa, likakatwa kesho asubuhi. Siku hiyo ya kufunga, kiriba nacho, mfuko wa kuoteshea miche, hujazwa udongo, kikatobolewa kwa kidole, kikaachwa wazi kusubiri. Mwanamize alifunga kwa mkono wa kushoto, na fundo lake lilielekea kinyume na mafundo ya watu. Nilikuwa nikimcheka. Darasani niliwataka wanafunzi wanioneshe sikio la mti.

"Chuo wakufunza kukata," alisema Bi Tatu kwa sauti ya chini. "Kuomba hawakukufunza?"

"Nimwombe nani, Bi Tatu?"

"Mwenye mti."

"Mwenye mti amekufa."

"Ndo maana nakwambia ukamwombe."

Nilikwenda kaburini saa mbili asubuhi. Nilikata vipandikizi vitatu, sentimita kumi na tano kila kimoja, mshazari, chini tu ya jicho la kuchipua. Nikaondoa majani ya chini, nikavipanda katika viriba vitatu, nikavifunika nailoni na kuviweka kivulini. Sikumwomba mtu. Hata salamu sikutoa, maana nilijua nikifungua mdomo pale nitalia.

Siku ya nane, kila kipandikizi kilikuwa kimefungwa ukanda mwembamba wa kitambaa cheupe. Mafundo yalielekea kinyume.

Nilimpigia simu Bi Tatu. Nilimwambia mchezo huo ni wa watu wasio na kazi.

"Mwanangu, siku ya tano leo mguu huu haujakanyaga chini," alisema. "Kitambaa gani?"

"Cheupe."

Akanong'ona: "Bafta?"

Nikakata simu.

Ilikuwa bafta. Ile ya sanda niliinunua mwenyewe Chake Chake, na pindo lake lilikuwa na uzi mmoja wa buluu. Ilitumika yote. Hakikubaki kipande.

Nilikwenda kaburini. Udongo ulikuwa mzima, na nyasi zilizoota juu yake hazikuvunjika hata moja. Nikarudi nimeridhika. Watu wanaoogopa ni watu wasiokagua.

Siku ya ishirini na moja vipandikizi vyote vitatu vilikuwa na mizizi. Nilisimama peke yangu uani nikasema, "Umeona?"

Harufu ya asumini ilikuja. Hakuna kilichochanua.

Leo adhuhuri nimekuta kiriba cha nne. Kimejazwa. Kimelowa. Katikati pana shimo la kidole. Ndani hamna kitu.

Udongo wangu nimeuchanganya na mchanga na samadi, ni mweusi. Huu ni mwekundu, kama wa makaburini. Nimeumwaga. Watoto wa jirani, nilijiambia. Hawana adabu.

Alasiri nimekunja mikono ya shati nitie udhu. Maji yamefika mkono wa kulia. Yamekutana na kitambaa.

Ukanda mweupe. Uzi wa buluu pindoni. Fundo limeelekea kinyume.

Sikulala mchana. Mlango una komeo. Hakuna aliyeingia.

Nimetoka uani. Kiriba nilichokimwaga kimesimama na vingine. Kimejaa. Shimo liko wazi, linasubiri.

Bi Tatu amepiga simu mara nne. Akisikia, atataka niende kaburini nikaombe radhi leo hii, kabla ya magharibi, na jua bado lipo; kinachofungwa leo hukatwa kesho asubuhi. Miaka kumi na tisa nimewacheka watu kwa mambo madogo kuliko haya.

Mkasi uko mezani tangu alasiri. Ukanda bado uko mkononi. Fundo ni lake, na sijaweza kulikata.