Makasi kwenye Butega ya Koko

Nilisikia ubaridi wa makasi mguuni kabla sijafumbua macho.

Kacha.

Wapendwa, aliyeshika makasi hayo alikuwa Héritier. Mchumba wangu. Tulipaswa kufunga ndoa Jumamosi, hapa hapa Bukavu.

Nilikuwa nimejaribu gauni nyumbani kwa mama yake, nikasinzia kwenye kanape ya sebuleni. Nikaamka, butega yangu iko chini...

Kwa msiojua: butega ni pete ya nyuzi za majani zilizosukwa, mama zetu wa zamani walizivaa miguuni. Hii koko, yaani bibi yangu wa Katana, alinifunga mwenyewe, wiki aliyokufa.

"Aurore," aliniambia siku hiyo, "mutu akiuliza uko mutoto wa nani, onyesha muguu."

"Héritier, umefanya nini?" nikauliza.

"Maman alisema bintu ya bapagano haiingie mu kanisa."

"Si ungeniamsha?"

"Ungekataa."

Nikapiga magoti, nikaiokota.

Mama yake, Maman Adélaïde, alikuwa ameketi kwenye fotei, anatazama. Kiongozi wa wamama wa kanisa. Jua, mvua, hakosi soksi ndefu.

"Unalilia majani?" akacheka. "Bwana yako atakununulia chaînette ya dhahabu ya kuvaa muguu."

Nilikuwa najaribu kuunganisha ncha mbili mguuni.

"Si vile," akasema. "Fundo inaangaliaka ndani, juu ya mufupa. Ukiiweka inje, itakukata ukitembea."

"Maman," Héritier akauliza polepole, "weye ulijulia wapi?"

Nikatazama soksi za mama yake. Ya kushoto ilikuwa imeteremka. Juu kidogo ya kifundo, ngozi ilikuwa imebonyea, mstari umezunguka mguu mzima. Alama hiyo haiji kwa mwaka mmoja.

Nilingoja neno moja tu. Angesema "hata mimi", ningemkumbatia, na Jumamosi ningeolewa.

Akavuta soksi juu.

"Aurore, omba bwana yako musamaha kwa hii fujo. Tumalize."

Nikamtazama Héritier. Aliangalia makasi.

"Omba tu," akasema. "Ni mama."

Jumamosi imepita. Gauni nimemwachia fundi. Na nisiwadanganye, bado nampenda... jana nimeunguza fufu nikifikiria sauti yake.

Dada zangu, mtu akikuvua ulichovalishwa na wako, kwanza mwangalie yeye anaficha nini.

Familia yake inaniandikia kila asubuhi: rudi, omba msamaha, mambo yaishe.

Butega nimeifunga tena. Fundo liko ndani, juu ya mfupa, kama mama yake alivyonifundisha bila kutaka.

Siombi.