Maneno Yasiyo na Mwenyewe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwanaesha alikunywa chai kwa mahamri na mbaazi, kisha akasimama mbele ya bibi yake na kukariri shairi. Walikaa Kibokoni, katika Mji wa Kale, Mombasa. Bibi yake, Bi Mwanakuu, ndiye aliyemfundisha mahadhi. Mwanaesha alipokosea, Bi Mwanakuu aligonga sinia kwa kijiko. Alipopatia, hata jirani wa ghorofani aliacha kufagia akasikiliza.

Ilikuwa mwaka 1996, na Mwanaesha alikuwa darasa la saba. Muhula huo alichaguliwa kuiwakilisha shule katika mashindano ya mashairi.

Muhula huohuo likazuka daftari. Stacy, msichana wa Tudor aliyekaa dawati la mbele, alileta daftari nene lenye jalada gumu. Juu ya kila ukurasa aliandika jina la mwanafunzi mmoja.

"Andikeni mnavyomwona kila mtu," aliwaambia wenzake. "Lakini msitie majina yenu."

Daftari likawa linapita chini ya madawati kutwa nzima. Ukurasa wa Mwanaesha ulijaa sifa upesi. Ana sauti nzuri. Ana akili. Macho yake yanapendeza. Kila mapumziko alilikimbilia, akazihesabu. Zilipofika tisa, alitembea kama bibi harusi.

Jumanne moja akakuta mstari mpya: "Akikariri shairi, analia kama mbuzi aliyefungwa juani." Chini yake mwingine ameandika, "Kweli kabisa!" na wa tatu, "Meee!"

Zile sifa tisa hakuziona tena. Alibaki kuwatazama wenzake mmoja mmoja. Ni huyu? Au yule anayecheka pale dirishani? Mapumziko yaliyofuata alilifungua tena, akakuta "Meee!" ya pili. Alijua kusoma kule kunamuumiza, lakini hakuweza kujizuia.

Nyumbani chakula kilimshinda. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Asubuhi Bi Mwanakuu alipotega sikio, Mwanaesha alishika shingo yake.

"Koo laniuma, Bibi."

Bi Mwanakuu alimchemshia tangawizi, akatia asali. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu Mwanaesha akamwambia Mwalimu Rispah, mwalimu wao wa Kiswahili, kwamba sauti imemkauka.

"Mashindano ni wiki ijayo," mwalimu alisema kwa huzuni. "Usipopona kufikia Jumatatu, itabidi tujitoe. Sina mwingine."

Ijumaa, katika kufunua kurasa, Mwanaesha alifika kwenye ukurasa wa Kenga. Kenga alikuwa mvulana mpole wa Majengo, na tangu Jumanne alikuwa hajaonekana shuleni. Ukurasa wake ulianza hivi: "Viatu vyake vinacheka kuliko yeye mwenyewe." Watu sita walikuwa wameongeza kejeli zao chini.

Wino wa kijani wa mstari ule ulikuwa wa Mwanaesha. Mwandiko ulikuwa wake. Aliyaandika maneno hayo siku ya kwanza kabisa, akacheka, akasahau.

Jioni hiyo alimweleza bibi yake yote: mbuzi, viatu na uongo wa koo. Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Bi Mwanakuu akavaa buibui lake.

"Kumbe hapana ugonjwa wa koo," alisema. "Ni moyo ulioumia, nao si wako peke yake. Twende kwa huyo kijana."

Walimkuta Kenga ameketi nje ya nyumba yao. Mama yake aliwakaribisha.

"Siku ya nne hii anasema tumbo," alisema. "Dawa ya malaria nimempa, wala haijamsaidia."

Mwanaesha alimwamkia, kisha akamgeukia Kenga.

"Yale maneno ya viatu, ni mimi niliyeyaandika. Nisamehe, Kenga."

"Wewe?" aliuliza Kenga. "Mimi nilidhani ni darasa zima. Niliona afadhali nisije kabisa."

"Ni mimi niliyeanza. Na mimi pia wameniita mbuzi. Siwezi kukariri tena."

"Mbuzi?" Kenga alishangaa. "Mimi hukaa nyuma yako. Ukifika ubeti wa tatu, nywele hunisimama! Hilo la mbuzi silijui kabisa."

Mwanaesha alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Jumatatu walikwenda pamoja kwa Mwalimu Rispah, wakamweleza yote na kumkabidhi daftari, na Mwanaesha akasema atakariri. Wanafunzi walipoona daftari mikononi mwa mwalimu, walidhani litachanwa. Lakini mwalimu aliliweka mezani tu.

"Aliyeandika neno humu aje alisome mbele ya mwenye ukurasa, akimtazama usoni."

Mwanaesha akasimama, akasoma maneno yake, akamwomba Kenga msamaha mbele ya wote. Alipoketi, Stacy alisimama. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"La mbuzi ni langu," alisema. "Mwanaesha alikuwa na sifa tisa. Mimi, mwenye daftari, nilikuwa na mbili. Kila siku nilihesabu, na kila siku ni mbili. Nikamwonea kijicho. Haikuwa kweli, Mwanaesha. Unakariri vizuri sana."

Mmoja baada ya mwingine, wengine nao wakasimama. Kisha wakakubaliana: daftari litakaa kabatini kwa mwalimu, litafunguliwa Ijumaa tu, na kila atakayeandika ataweka jina lake. Ijumaa ya kwanza Kenga aliandika kwenye ukurasa wa Stacy: "Ulinifundisha sehemu za desimali nikaelewa. Mimi Kenga." Stacy aliusoma mstari huo mara nne, akitabasamu.

Jumamosi, siku ya mashindano, ukumbi wa Tononoka ulifurika. Mwanaesha alipanda jukwaani. Kwa ghafla ile "Meee!" ikamlia kichwani, na sauti yake ikatetemeka katika ubeti wa kwanza. Akavuta pumzi. Akamwona bibi yake, akaona darasa lake lote limekaa safu moja. Ubeti wa pili sauti ikanyooka. Wa tatu ikapaa hadi darini, na wazee wa safu ya mbele wakaanza kutikisa vichwa kwa raha.

"Nambari ya kwanza," akatangaza mwamuzi, "Mwanaesha!"

Darasa la saba liliruka kwa vifijo. Stacy alifika wa kwanza kumkumbatia, na Kenga akalinyanyua kombe juu watu wote walione. Bi Mwanakuu alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka yeye.

Nje ya ukumbi Mwalimu Rispah aliwakusanya.

"Leo mmeshinda mara mbili," alisema. "Watu watawasifu na watawakosoa maisha yenu yote. Msikubali mtu asiyethubutu kutaja jina lake awaambie ninyi ni nani. Nanyi msiandike jambo ambalo hamwezi kumwambia mtu usoni. Na kama maneno yanawanyima usingizi, acheni kuyasoma, mwambieni mtu anayewapenda. Mwanaesha alisema, na kwa kusema kwake watu wawili wamepona."

"Watatu, mwalimu," alisema Stacy.

Wakashika njia ya shuleni wakiimba, kombe likipita mkono hadi mkono, kila mmoja akipewa zamu yake ya kulibeba.